Simu Iko Elegu, Mtoto Yuko Wapi?

Kila muhula unapofungwa Uganda, mabasi ya kutoka Kampala kwenda Juba hujaa watoto. Masanduku ya bati yenye majina yaliyoandikwa kwa rangi nyeupe, magodoro yaliyokunjwa yakafungwa kamba, ndoo, viatu vya shule vilivyokanyagwa visigino. Wengine wanasafiri na kaka au shangazi. Wengine wamekabidhiwa konda tu, na Mungu. Juba, wazazi wanangoja.

Tuseme mmoja wao ni baba wa mtaa wa Gudele mwenye binti wa miaka 14. Amemnunulia simu ya Tecno, ambayo kwa kuwa shule hairuhusu simu bwenini, hukaa kwa shangazi yake Kampala hadi siku ya safari. Ndani ya simu hiyo kuna programu ya kumfuatilia. Tangu usiku baba ana nukta ya bluu kiganjani. Ameiona ikipita Gulu, ameiona Atiak. Saa mbili asubuhi nukta imefika Elegu, upande wa Uganda wa mpaka, ikatulia.

Saa nne, Elegu. Saa sita, Elegu. Ilipofika saa saba baba hasikii tena anachoambiwa na wenzake ofisini. Anatafuta ujumbe wa WhatsApp ambao shangazi alimtumia usiku: picha ya tiketi, na chini yake namba ya konda. Konda ana laini mbili, kama makonda wote wa njia hiyo. Anapokea mlio wa pili. "Mzee, tumeshapita Nesitu. Binti yako amelala."

Basi lilivuka mpaka zamani. Kilichobaki nyuma ni mtandao wa laini ya Uganda. Simu ilipoingia Nimule, upande wa Sudan Kusini, ilipoteza minara ya kwao, na data ya ng'ambo ilikuwa imefungwa, kama inavyofungwa kwenye simu nyingi tangu kiwandani. Nukta ya bluu huonyesha mahali simu iliposema neno lake la mwisho. Baba wa watu aliangalia neno hilo kwa saa tano akidhani anamwangalia mwanawe.

Programu za kufuatilia watoto zimeingia Juba kama zilivyoingia Nairobi na Dar es Salaam, kwa ahadi ileile: mzazi atajua mtoto alipo kila dakika. Swali la ipi iwekwe huulizwa kwenye maduka ya simu, kwenye vikundi vya wazazi, hata baada ya ibada Jumapili. Ni swali la haki. Lakini wanaoliuliza hutazama nyota ngapi programu imepewa na rangi ya nembo yake, wakati katika mji huu maswali yenye uzito ni mawili mengine: mtandao ukikatika nani atajua mtoto alipo, na mtandao ukiwepo nani mwingine anaiona nukta.

Hofu yenyewe si ya kubuni. Katikati ya mwaka 2025 video ya msichana wa miaka 16 akishambuliwa na genge la vijana ilisambaa Juba, na polisi wakakamata mamia ya vijana katika msako uliofuata. Januari mwaka huohuo, ghasia dhidi ya wafanyabiashara wa Sudan zililazimisha amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Mzazi ambaye mtoto wake alikuwa upande wa pili wa mji jioni ile hahitaji kufundishwa maana ya roho juu. Barabara ya Juba–Nimule, kilomita 192 za lami zilizokamilika mwaka 2012 kwa fedha za Marekani, ndiyo mshipa unaolisha mji, na ndiyo ambako Agosti 2021 watawa wawili wa Kikatoliki, Mary Abud na Regina Roba, waliuawa wakirejea Juba kutoka kwenye sherehe ya kanisa. Mtoto anayelala kwenye kiti cha basi hapo Nesitu anapita barabara hiyohiyo.

Lakini kuna jambo la zamani zaidi. Baadhi ya wanaonunua simu hizi leo walikuwa wenyewe watoto ambao hakuna aliyejua walipo.

Mwaka 1987 makundi ya wavulana, baadhi wakiwa na miaka sita au saba, yalianza kutembea kutoka Sudan ya kusini kuelekea Ethiopia. Walikadiriwa kufika 20,000 hivi. Serikali ya Mengistu ilipoanguka mwaka 1991 walifukuzwa tena, wakarudi Sudan, wakatembea tena hadi Kenya, na mwaka 1992 kambi ya Kakuma ikafunguliwa kwa ajili yao. Dunia ikawaita Wavulana Waliopotea, jina ambalo baadhi yao walilichukia, maana wao walijua walipo. Waliopotea ni waliokuwa wakiwatafuta. Kulikuwa na wasichana pia. Waligawiwa familia za kulea, hesabu yao ikamezwa humo.

Uzi uliounganisha watu hao na nyumbani ulikuwa karatasi. Ujumbe wa Msalaba Mwekundu ni fomu ya ukurasa mmoja, isiyofungwa kwenye bahasha, ambayo yeyote aliyeko njiani anaweza kuisoma. Kwa hiyo huandikwa habari za familia tu: nani yu hai, nani ameolewa, nani amezaliwa, fulani anakusalimu. Mtu wa kujitolea huibeba hadi kijijini na kuuliza jina chini ya miti. Ilichukua miezi, wakati mwingine miaka. Mama aliyeipata karatasi ile hakujua mwanawe yuko wapi leo. Alijua kwamba wakati inaandikwa alikuwa hai. Ukitafakari, ni habari ileile anayopata baba wa Gudele kutoka kwa nukta iliyokwama, ila yeye hakuambiwa kwamba ni ya zamani.

Vita vya Desemba 2013 vilitenganisha watoto upya, na mapigano ya Julai 2016 mjini Juba yakaongeza. Mwaka 2019 UNICEF na wenzake, Save the Children wakiwemo, walitangaza kwamba mtoto wa 6,000 amerudishwa kwa familia yake tangu vita vianze. Teknolojia ilisaidia. Kulikuwa na programu iitwayo RapidFTR, iliyozaliwa kama kazi ya darasani katika Chuo Kikuu cha New York, ikajaribiwa Uganda mwaka 2012 kwa watoto wakimbizi wa Kongo na baadaye ikatumika Sudan Kusini. Haikuwa na setilaiti wala ramani inayometameta. Ilimpiga mtoto picha, ikahifadhi jina lake, la baba, la babu, kijiji, chifu, lugha, mara ya mwisho alimwona nani na wapi. Mfanyakazi aliweza kuyaingiza hayo yote akiwa mahali pasipo mtandao, kisha yakapakiwa siku akipata mtandao. Msalaba Mwekundu nao walichapisha vitabu vya picha, vikapelekwa kambini Uganda, Kenya na Ethiopia, watu wakavifunua ukurasa kwa ukurasa wakitafuta sura.

Sudan Kusini, kwa maneno mengine, ina uzoefu mkubwa wa kutafuta watoto kuliko kampuni yoyote ya California. Na uzoefu huo unasema mtoto hupatikana kwa anayemjua.

Sasa turudi dukani. Sokoni Konyo Konyo, mchana, fundi simu amekaa nyuma ya kioo kilichojaa vifuniko vya rangi. Mafundi wengi wa hapa hutoka Uganda na Kenya, ndiyo maana Kiswahili na Kiarabu cha Juba hupokezana maneno kwenye kaunta moja. Mama anaweka simu mezani: anataka programu ya kumfuata kijana wake. Fundi akiwa mwaminifu hapakui kwanza. Anafungua mipangilio.

"Mama, hii hata nikikuwekea leo, kesho itakufa. Ona hapa. Simu hii ikizima kioo inaua kila kitu kinachokula betri."

"Sasa mwanangu, simu si ni mpya?"

"Ni mpya. Ndivyo ilivyoundwa."

Fundi yuko sawa. Tecno, Itel na Infinix, ndugu watatu wa kampuni moja ya China, Transsion, ndizo simu zinazoshikwa na watu wa kawaida kote Afrika Mashariki, na sehemu ya sifa yao ni betri inayodumu. Inadumu kwa sababu simu hulala usingizi mzito na huzilaza programu zote kwa nguvu. Programu ya kufuatilia inataka kuwa macho kutwa kucha. Mzazi asipoingia kwenye mipangilio ya betri na kuipa programu hiyo ruhusa ya kukesha, nukta itasogea mtoto anapofungua simu tu, yaani pale ambapo angeweza kupiga mwenyewe.

Ifahamike pia kitu kimoja ambacho wauzaji hawakielezi. Kujua mahali hakuhitaji bando. Setilaiti za GPS huzunguka kilomita 20,000 na zaidi juu ya vichwa vyetu, zinatangaza muda wao, na simu inasikiliza tu, inapiga hesabu, inajua iko wapi hata porini kabisa kati ya Moli na Pageri. Kazi ngumu ni kumwambia mtu mwingine. Hapo ndipo unapohitajika mnara, laini, bando na chaji, na Juba kila kimoja kati ya hivyo vinne kina hadithi yake. Tangu mwaka 2019 mji una tena kampuni ya kusambaza umeme, JEDCO, lakini mitaa mingi bado inategemea sola, jenereta na vibanda vya kuchajisha simu kwa malipo. Simu ya mtoto iliyotoka nyumbani ikiwa na chaji nusu haifiki jioni. Na nukta ya simu iliyozimika inafanana sana na nukta ya mtoto aliyetulia.

Serikali nayo huzima inapotaka. Januari 2025, baada ya video za mauaji ya Wasudani Kusini huko Wad Madani kuenea, Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano iliagiza Facebook na TikTok zifungwe kwa muda unaoweza kufika siku 90. Zilifunguliwa baada ya siku chache. Safari hiyo ilikuwa mitandao ya kijamii tu. Uganda, wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, ilizima intaneti nchi nzima kwa siku kadhaa. Mzazi wa Juba mwenye mtoto Kampala siku zile alirudi kwenye simu ya kawaida, ya sauti.

Wapo wanaokimbilia vifaa badala ya programu. Maarufu ni AirTag ya Apple, kitufe cheupe kilichoingia sokoni mwaka 2021 ambacho jamaa wa Dubai au Nairobi huwaletea watu kama zawadi. Mzazi anakishona kwenye mkoba wa mtoto akidhani kinaongea na setilaiti. Hakiongei. Ndani yake hamna GPS wala laini. Kinanong'ona kwa Bluetooth, na kinategemea iPhone ya mpita njia isikie mnong'ono huo na kuupeleka. London au New York, ambako iPhone ziko kila kiti cha treni, kinafanya maajabu. Mitaa ya Juba kama Gurei au Sherikat, ambako watu wameshika Itel, kinaning'inia tu kama kishikio cha funguo. Apple wenyewe wamesema kilitengenezwa kwa ajili ya vitu, si watu.

Saa za mkononi zenye laini ni afadhali kidogo kwa mtoto mdogo, maana haziporwi kirahisi kama simu, na shule huzivumilia. Lakini nazo zina yake. Novemba 2017 mamlaka ya mawasiliano ya Ujerumani ilipiga marufuku saa za watoto zenye uwezo wa kusikiliza kwa siri na kuwaambia wazazi waziharibu. Iligundulika kuwa baadhi ya wazazi walikuwa wakizitumia kumsikiliza mwalimu darasani.

Tuseme sasa kila kitu kinafanya kazi. Chaji ipo, mtandao upo, nukta imekaa sawasawa juu ya paa la shule. Mzazi anashusha pumzi. Lakini Februari 2025 shule zote za Sudan Kusini zilifungwa kwa wiki mbili kwa sababu ya joto. Naibu Waziri wa Elimu, Martin Tako Moi, alisema wastani wa wanafunzi 12 walikuwa wakianguka kila siku mjini Juba. Madarasa mengi ni ya mabati, hayana umeme wala feni. Watoto hao walikuwa mahali hasa ambapo wazazi wao walitaka wawe. Programu yoyote ingewaonyesha wako shuleni, na ingesema kweli.

Huu ndio udhaifu wa msingi wa bidhaa hii: inauza mahali kwa jina la usalama. Hatari nyingi zinazowapata watoto wa Juba, kama pikipiki iliyopakia watatu bila kofia, maji machafu, joto, mtu wa nyumbani mwenye mkono mbaya, hutokea mahali panapojulikana, na mara nyingi mbele ya anayejulikana.

Kisha kuna macho mengine. Programu nyingi ni za bure, na wahenga wa biashara wanajua cha bure hulipiwa mlango wa nyuma. Life360, programu ya kifamilia iliyoanzishwa Marekani mwaka 2008 na ambayo ni miongoni mwa kubwa za aina yake, iliandikwa na chombo cha habari cha The Markup Desemba 2021 kwamba ilikuwa ikiuza taarifa za mahali walipo watumiaji wake, watoto wakiwemo, kwa madalali wa data. Mwanzoni mwa 2022 ikatangaza kuachana na sehemu kubwa ya biashara hiyo. Karibu miaka mitatu kabla, Machi 2019, programu nyingine iitwayo Family Locator, ya kampuni ya Australia, ilikutwa imeacha hazina yake ya data wazi bila hata nenosiri: mahali walipo watu zaidi ya 238,000, dakika kwa dakika, pamoja na majina waliyoyapa maeneo yao. "Nyumbani." "Shule." Yeyote aliyeijua njia angeweza kusoma.

Nairobi, jambo kama hilo lina mlango wa kupiga hodi. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza Roma School ya Uthiru faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Picha tu! Juba haina ofisi kama hiyo. Badala yake ina historia ambayo Amnesty International iliieleza katika ripoti ya Februari 2021: vyombo vya usalama vinavyosikiliza simu kwa mitambo iliyonunuliwa ng'ambo, kampuni za simu zikilazimika kushirikiana. Familia ya mwandishi wa habari, ya mwanasiasa, ya mfanyakazi wa shirika, au tu ya kabila ambalo wiki hiyo halitakiwi mtaa fulani, inapaswa kujiuliza mara mbili kabla ya kuweka ramani ya mienendo ya watoto wake mahali isipopajua. Katika mji ambako Julai 2016 watu walikimbia kwa kuangaliana majina na chale za usoni, orodha ya nani analala wapi si kitu cha kuchezea.

Na hapo tumewazungumzia wageni. Programu hizi zimeundwa kwa ajili ya nyumba ya baba, mama na watoto wawili. Ukizifungua zinakuuliza mzazi ni nani. Nyumba ya Juba haina jibu la mstari mmoja. Kuna baba aliyeko Bentiu kikazi, mama aliyeko Kakuma au Kampala na wadogo, mjomba mwenye nyumba, binamu watano, bibi. Nani anashika nenosiri? Mara nyingi ni kijana wa kiume anayejua simu, yaani kaka au binamu, na anayefuatiliwa ni msichana. Nchini ambako mahari huhesabiwa kwa ng'ombe na wasichana wengi huozwa kabla ya miaka 18, nukta inayomfuata binti hadi kwa rafiki yake, hadi kanisani, hadi kwenye mazoezi ya mpira wa kikapu, inaweza kugeuka kamba haraka sana, huku wote wakiiita ulinzi. Mama wa msichana huyo ana haki ya kusisitiza kwamba ni yeye, na si mwingine, anayeiona.

Wavulana wana dawa yao. Kijana wa miaka 15 aliyegundua anafuatwa kimyakimya humwachia simu rafiki mwenye bidii, nukta inakaa maktaba alasiri nzima, yeye yuko mtoni. Programu zinazojificha, zile zinazotangazwa kwamba mtoto hatajua kamwe, ndizo mbaya kuliko zote: zinahitaji kulegeza ulinzi wa simu yenyewe ili ziingie, na zikigunduliwa mtoto hasemi tena ukweli hata anapoulizwa kwa mdomo. Hizo zisiguswe.

Basi ipi? Kwa safari, na safari ndizo zinazowatia wazazi wa Juba wasiwasi wa kweli, jibu tayari limo kwenye simu zao. WhatsApp ina njia ya kutuma mahali ulipo moja kwa moja kwa dakika 15, saa moja au saa nane. Mtoto anaituma mwenyewe, kwa mtu anayemtaka, imefungwa kwa ufunguo ambao kampuni haiusomi, na muda ukiisha inazimika bila mtu kukumbuka kuizima. Inatumia bando ambalo familia ingelinunua hata hivyo. Kwa mtoto wa chini ya miaka 13 mwenye simu yake, Family Link ya Google, iliyopo tangu 2017, ni bure, iko wazi mbele ya mtoto, na inamwezesha mzazi pia kuzuia programu nyingine, jambo ambalo pengine lina faida kubwa kuliko ramani. Zaidi ya hizo mbili, mzazi anayeongeza ya tatu anaongeza macho.

Kwa wanaovuka Nimule kuna dawa ya bei ya laini moja. Simu nyingi za hapa zina matundu mawili. Laini ya MTN au Zain ya Sudan Kusini ingekaa tundu la pili tangu Kampala, ikiwa na bando, na mtoto angefundishwa kubadilisha data kutoka laini moja kwenda nyingine wakati basi linangoja mihuri pale mpakani, baba wa Gudele asingepoteza saa tano. Zoezi la dakika mbili, lifanyiwe nyumbani, mara tatu.

Halafu kuna mtandao usiokatika kirahisi. Karibu kila kona ya Juba, chini ya mwarobaini au mwembe, kuna mama chai: jiko la mkaa, birika lililopigwa na moshi, vikombe vidogo vya kioo, tangawizi, viti vya plastiki vilivyowazunguka madereva wa raksha na boda boda. Mama huyo anaketi hapo tangu alfajiri. Anajua mtoto gani hupita na nani, saa ngapi, na leo amepita peke yake. Anajua boda boda ambayo si ya mtaa. Wazazi wengi humsalimu tu. Wanaojua mji humpa namba yao, hununua chai hata kama hawana kiu, na humwonyesha mtoto: huyu ukipotea mwambie. Dereva mmoja wa boda boda anayelipwa kwa mwezi kumpeleka mtoto shule, mwenye jina, mwenye picha, anayejulikana anakolala, anazidi programu ya dola kumi.

Na mtoto mwenyewe ajue namba kwa kichwa. Hili linaonekana dogo hadi siku simu inapoporwa soko la Custom na mtoto aliyesimama mbele ya msamaria aliye tayari kumpigia mama hajui tarakimu hata moja, kwa sababu maisha yake yote amebonyeza picha ya mama. Watoto wa miaka mitano hushika namba ikiimbwa. Konyo Konyo kuna akina mama wanaowaimbisha watoto wao wakiwa wamewabeba mgongoni, kila siku, tarakimu kumi kwa mahadhi ya wimbo wa kanisani. Kwa wadogo zaidi, karatasi iliyokunjwa ndani ya mkoba, namba mbili, bila jina la mtoto juu yake: mtu mbaya asipewe jina la kumwitia.

Basi la Kampala linaingia Juba kupitia Gumbo, linavuka mto, linashusha watu huku vijana wa raksha wakigombania masanduku. Baba wa Gudele amefika mapema. Anamtambua binti yake kwa godoro kwanza, kisha kwa urefu ambao hakuutarajia. Hakuna anayeitazama simu. Usiku, binti ameshakula, ameshaoga, ameshalala na mdogo wake kitanda kimoja, simu yake inashika intaneti ya nyumbani kwa mara ya kwanza tangu mpakani. Yote iliyoyahesabu njiani ikiwa kimya inayamwaga kwa mkupuo, na mezani sebuleni simu ya baba inaanza kuita: amefika Nimule, amefika Pageri, yuko Aru, yuko Nesitu, ameingia Gumbo.